Mashine Iliyochana Kutoka Juu

Sikujua, ndilo jina lake, alikuwa injinia. Hili lazima lisemwe mwanzo kabisa, kwa sababu Durban nzima hakuna aliyelisema ila yeye mwenyewe, na kila aliposema watu waliutazama ufagio mkononi mwake. Diploma yake ya uinjinia wa mitambo, aliyoitolea jasho miaka mitano Lubumbashi, ilikuwa ya Kifaransa. Kiwandani, mtaa wa Jacobs, waliigeuza mbele nyuma, wakamrudishia, wakampa kazi ya kufagia. Jumamosi alisuka nywele Overport, kwenye saluni ya binamu yake Marie, aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa kwao Kongo.

Kiwanda chenyewe kilitengeneza nywele bandia za kusukia. Mwaka ule wa 1998 kilikuwa kimeunda mashine mpya ya kuchana nyuzi zake, na aliyeichora ni injinia mkuu, mzee wa Kizungu mwenye upara unaong'aa kuanzia paji la uso hadi kisogoni. Jamani! Kinyozi hajinyoi, tunajua, lakini huyu hata cha kunyolewa hakuwa nacho. Nyuzi ziliingia, mashine ikanguruma, ikatema kiota cha kunguru. Kila asubuhi Sikujua alifagia magunia matatu ya viota.

Basi kwenye ubao wa matangazo pakabandikwa karatasi: anatakiwa injinia msaidizi. Sikujua hakungoja. Alibisha mlango wa mzee, diploma mkononi, akamwambia ile mashine ataitengeneza yeye.

Mzee akacheka, wala si kwa ubaya. "Jumatatu nakupa saa moja," akasema. "Ukiweza, nafasi ni yako. Ukishindwa, usiniletee tena hicho kikaratasi chako."

Kikaratasi! Miaka mitano ya mtu! Sikujua alitoka pale machozi yakimlengalenga kwa hasira.

Wiki nzima akapiga hesabu. Kasi ya rola, mvuto wa nyuzi, nafasi kati ya meno. Daftari likajaa hadi kwenye jalada. Na hesabu zilikuwa sahihi, msimwonee. Tatizo ni kwamba ndizo zilezile alizopiga yule mzee. Ijumaa, saa ya chakula, akaomba ajaribu kasi mpya, na mashine ikatema kiota kikubwa kuliko vyote. Wafanyakazi wenzake wakashika mbavu.

"Eish, Injinia!" wakamwambia, wakimkabidhi ufagio.

Jumamosi alifika saluni amenuna. Kwenye kiti alikuwa Atupele, mwanafunzi wa Kitanzania, nywele nene hazijaona chanuo wiki tatu. Sikujua, mwili uko Overport na roho iko Jacobs, akachomeka chanuo kwenye mizizi, akavuta kushuka kwa nguvu zake zote.

"Mama weee!" Atupele akaruka. "Dada, unanichana au unaning'oa?"

Marie akageuka na kitambaa chake begani. "We Sikujua, iko nini leo? Hata mtoto anajua, unaanzia kwa ncha, unapanda polepole! Nani alikufundisha kuchana vile?"

Sikujua akabaki chanuo liko hewani.

"Ile mashine," akasema taratibu. "Yaya Marie, ile mashine inaanzia juu!"

Akakibusu kichwa cha Atupele, akatoka mbio na chanuo mkononi. Maskini Atupele alimaliziwa na Marie, akilalamika mpaka msuko wa mwisho.

Mashine ilikuwa na machanuo matatu, na la kwanza kuuma lilikuwa la juu kabisa, pale nyuzi zilipobanwa. Mafundo yote yalisukumwa chini, yakakazana. Jumapili kutwa Sikujua alipiga hesabu za gia, na safari hii alijua anahesabu nini. Jumatatu, mbele ya kiwanda kizima, akabadilisha nafasi za gia mbili ili chanuo la chini litangulie, la kati lifuate, la juu liwe la mwisho. Akabonyeza kitufe.

Nyuzi zikatoka zimenyooka, laini, fungu baada ya fungu. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mzee akaokota fungu moja, akalipitisha vidoleni, akalipitisha tena. "Hili ulifundishwa chuoni?"

"Gia nilifundishwa chuoni, Bwana. Kuchana nilifundishwa na mama, amenibana kichwa katikati ya magoti, nalia."

Mzee akapapasa upara wake. Mtu mzima ameona haya.

"Kile kikaratasi unacho?" akauliza. "Tafadhali, nisomee."

Sikujua akaegemeza ufagio ukutani, akaitoa diploma yake ndani ya nailoni, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, Kifaransa kitupu. Watu hawakuelewa kitu na hakuna aliyeondoka. Alipofika kwenye neno ingénieur hakuna aliyehitaji tafsiri, lakini yeye akalisoma mara mbili.