Mbwa wa Jumamosi

Mama mkwe wangu alikuwa ameshatia udhu wa alasiri aliposikia sauti ya mwanamume ikitoka chumbani kwangu: "Shem, mfunge mbwa wako, anatumaliza." Alisukuma pazia, akasimama mlangoni na kanga yake ya kuswalia mkononi. Akachungulia chini ya kitanda, kisha nyuma ya ndoo ya maji, kisha akaniangalia mimi.

"Mbwa yuko wapi?"

Nikamwonyesha simu.

"Na huyo mwanamume?"

"Ni mpishi wa kambini kwa mwanao, mama."

Kabla hajaendelea kuniuliza, simu ikatoa sauti nyingine, ya mwanawe mwenyewe: "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akataka kujua kama amekula. Alipoinuka kwenda kuswali alikuwa ameshatoa hukumu: mchezo wa simu hana neno nao, lakini simu yenye mbwa isiwekwe juu ya mswala wake.

Mume wangu anaendesha greda. Kazi yake ni barabara, na barabara haiji nyumbani. Kambi yao iko mbele ya Lindi, kwenye kipande ambacho kila masika mvua hukirudisha kilivyokuwa. Mimi niko Nangurukuru, nauzia abiria wa mabasi supu na chapati, na ikifika adhuhuri sufuria zangu zimeshasuguliwa. Yeye huja nyumbani akipata likizo, hukaa siku chache, huondoka. Katikati tulikuwa na simu, na simu zetu, niseme ukweli, zilikuwa zimekufa. Mmeamkaje? Salama. Watoto? Wazima. Umekula? Nimekula. Haya. Tulikuwa tunapendana vizuri tu, ila hatukuwa na la kuambiana. Nilikuwa nikikata simu najiona kama nimezungumza na karani wa ofisi fulani, na jambo hilo lilinitisha kuliko ugomvi.

Likizo moja akaniwekea mchezo kwenye simu. Wao kambini walikuwa wanaume wanne wanaocheza kila Jumamosi wakitoka kazini, na mchezo unataka watu watano. Mnaingia pangoni pamoja, kila mmoja na simu yake popote alipo, mnapigana na mazimwi chumba kwa chumba mpaka mnalifikia kubwa lao lililo chini kabisa. Kila mtu ana kazi yake. Mume wangu hubeba ngao na kusimama mbele, ili hasira zote za mazimwi zimwangukie yeye. Mpishi wa kambi ndiye kiongozi na ndiye anayetutibu tukiumia. Wengine wawili wanarusha moto na hawana maneno mengi. Mimi nikapewa upinde, na anayepewa upinde huchagua mnyama wa kumsaidia. Kulikuwa na chui, kulikuwa na mwewe, kulikuwa na mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limelala. Nikamchukua mbwa.

"Mama atasema nini?" mume wangu akauliza. Kwao ni Somanga, watu wa samaki, na kwao mbwa ni mnyama wa kurushiwa jiwe.

"Mama hatamwona," nikasema. Umeshaona jinsi nilivyofanikiwa.

Mbwa wa kwenye simu anaendeshwa kwa vifungo. Kimoja cha kumtuma, kimoja cha kumwita, kimoja cha kumkalisha. Halafu kuna tabia unayompa: awe mkali, awe mlinzi, au awe mpole. Akiwa mkali hangoji kuambiwa, anakwenda kuuma chochote kinachopumua. Mimi sikuyajua hayo. Jumamosi ya kwanza aliona zimwi limelala zake mbali kabisa, halituhusu, akaenda kuliamsha. Likaja na wenzake wote. Tulikufa watano kwa mpigo.

"Shem," mpishi akasema, "mbwa wako amealika ukoo mzima."

Nikamfanya mlinzi. Kumbe kuna kifungo kingine, cha kubweka, na mbwa akibweka zimwi linamwacha kila mtu na kumfuata yeye. Ukiwa peke yako ni jambo zuri, ila mkiwa kundi hasira inatakiwa ikae kwa mwenye ngao. Kwangu kifungo kilikuwa kimewashwa muda wote, na mume wangu akawa anakimbia nyuma ya mazimwi kama mtu anayefukuza kuku wake sokoni. Tulipokizima tukakutana na genge, ukingo wa mwamba unaoshuka wima. Sisi tunaruka kwenda chini, hapo hapo tumefika. Mbwa haruki. Mbwa anapita njia ya ngazi, kwa adabu zake zote, anapitia kila chumba tulichokikwepa, na anatufikia huku ameongozana na kila aliyemwona njiani. Inabidi umfiche kabla ya kuruka, umwite tena ukishafika. Mpishi aliniambia hivyo mara nyingi na kwa sauti mbalimbali. Mimi nilizidi kumpenda mbwa wangu.

Na Jumapili mume wangu alikuwa akipiga simu, tunacheka mpaka supu inafurika jikoni. Tukimaliza ya mbwa anaingia ya kazini, jinsi barabara ya mchepuko ilivyotitia, jinsi mgongo unavyomuuma tangu mwezi uliopita. Mgongo ulimuuma mwezi mzima sikuwa na habari. Mbwa ndiye aliyeufungua mdomo wake. Kwa hiyo nikisema Jumamosi zile ndizo zilizokuwa ndoa yangu, sitanii.

Hata mama mkwe akazoea. Alasiri ikishaswaliwa anakuja na ungo wake wa mchele, anakaa mkekani akiielekea simu, anachambua huku anamsikiliza mwanawe. Mara nyingi mwanawe alikuwa anasema "nakufa, nakufa," naye ananitazama, namwambia si kweli, anaendelea kuchambua.

Zimwi kubwa la chini lilikuwa na nundu mgongoni na mkono mmoja wa jiwe. Kila likiuinua mkono ule, wote mnaacha kulipiga. Anabaki mwenye ngao peke yake, kwa sababu atakayeligusa wakati huo ndiye atakayeshukiwa na jiwe, na jiwe likimkosa mwenye ngao linaua wote walio karibu. Jumamosi moja mkono ukainuka, mimi bado nimevuta upinde. Mpishi akaona. Akasema haraka, "Shem, mwachie!"

Alimaanisha nimwachie mume wangu.

Sasa sikiliza. Mimi kwetu ni Kikole. Baba alikuwa na shamba la mihogo na mahindi bondeni, na nguruwe pori walikuwa wanalipenda kuliko sisi. Akafuga mbwa. Sisi ni Waislamu pia, na mbwa yule hakuwahi kukanyaga ua wa nyumba. Alikaa shamba, alikula ugali kwenye kigae chake, na sikio lake moja lilikuwa limelala. Sisi watoto tulikuwa tunakaa chini ya dungu la kulindia, mmoja ameshika kamba ya mbwa. Baba akiwa upande wa pili akaona mihogo inatikisika, anapiga kelele neno moja tu: "Mwachie!" Aliyeshika kamba anafungua mkono. Utoto wangu wote neno lile lilikuwa na kazi hiyo moja.

Nikafungua mkono. Nikamtuma mbwa, na ili kazi ikamilike nikambwekesha. Jiwe likashuka katikati yetu, tukafa wote.

Kisha mpishi akasema polepole, "Shem, nimesema mwachie."

"Na mimi nimemwachia."

"Nimesema mwachie mumeo!"

"Mimi nimemwachia mbwa!"

Mmoja wa wale wawili wasiosema akacheka, mpishi akazidi kupanda. Akasema hawezi kufa kila wiki kwa sababu ya mbwa. Akasema Jumamosi ijayo ama niingie bila mnyama, ama kwenye nafasi yangu aingie binamu yake wa Lindi, mtu anayejua kucheza. Bila mnyama mimi ni mtu wa kubeba upinde tu, na yeye alilijua hilo. Nikamwambia huo wali wake wa kambini sifa zake zimefika mpaka Nangurukuru, na si sifa njema. Nikaifunga simu.

Mama mkwe aliweka ungo chini. "Wamekufukuza?"

"Karibu, mama."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa mlangoni. "Basi na mimi wamenifukuza," akasema.

Mume wangu alipopiga Jumapili nilikuwa bado nimevimba. Alijaribu kusema mpishi ni mtu mzuri, ila ana pupa ya kushinda. Nikamwambia akaishi naye. Akasema anaishi naye tayari. Hapo nikalegea kidogo, nikamweleza habari ya kamba, dungu na mihogo inayotikisika.

"Miaka yote hii," akasema, "sijawahi kukusikia ukimtaja huyo mbwa."

"Nikutajie mbwa, wewe mtu wa Somanga?"

"Alikuwaje?"

Nikamwambia alivyokuwa. Nikamwambia alivyokuwa akinisubiri njiani nikipeleka chakula shamba, na jinsi asivyovuka mpaka wa ua hata akiitwa, kana kwamba naye anajua hukumu yake. Akauliza aliishia wapi. Nikasema siku moja aliachiwa kama kawaida, akaingia mihogoni, hakurudi. Aliyekuwa ameshika kamba siku hiyo ni mimi. Nikalia, mwanamke mzima, kwa ajili ya mbwa wa utotoni, na mume wangu akaniacha nilie bila kunikatisha. Sijui kama amewahi kunipenda kuliko siku ile, lakini mimi nilimpenda sana.

Kisha akasema, "Tatizo si mbwa. Tatizo ni neno. Tulitoe."

Tukakubaliana. Zimwi likiwa ni la kwake, mpishi aseme "la mumeo." Mbwa akitakiwa, aseme "mfungulie." Sijui alimbembelezaje mpishi, ila Jumamosi mpishi akafungua kwa kusema, "Leo tu, shem. Akituua tena, arudi shamba."

Nilimfanya mbwa mpole. Nikazima kubweka, nikahakikisha, nikahakikisha tena. Gengeni nikamficha, nikaruka, nikamwita, akatokea peke yake bila mgeni. Mpishi kila mara anapaza sauti, "La mumeo! La mumeo!" na mama mkwe kwenye mkeka wake anaitikia, "Ndiyo, lake." Tukalifikia lenye nundu. Tukalipiga mpaka likabakiwa na uhai kidogo, kidogo kuliko siku zote, ndipo mpishi akakanyaga moto akafa. Nadhani kazi yake imemzoesha moto, hauogopi. Tukabaki bila wa kututibu. Mstari wa uhai wa mume wangu ulikuwa mwekundu, mwembamba, na mkono wa jiwe ukaanza kuinuka.

Akasahau makubaliano yetu. Akasema, kwa sauti ya chini, "Mwachie."

Maana mbili, na kidole gumba kimoja. Mwachie, niachie mimi nife nalo. Au mwachie, fungua mkono. Ningemuuliza, jiwe lingekuwa limeshashuka. Lakini ninamjua. Akitaka kuachiwa jambo lake huwa na sauti ya kifua, ile aliyonifichia mgongo mwezi mzima. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa sauti yake ya kuomba maji.

Nikamwachia mbwa. Nikawasha kubweka. Zimwi likageuka na mkono wake juu, likamfuata mbwa wangu kuzizunguka nguzo za pango, sikio moja limelala, anakimbia kweli kweli, na sisi watatu tukalipiga kwa mbali nyuma yake huku mume wangu akivuta pumzi. Jiwe lilimpata mbwa kwenye nguzo ya mwisho, mbali na sisi. Zimwi likaanguka baada yake.

Mama mkwe alikuwa amesimama, mchele umemwagika. "Kafa?"

"Kafa, mama. Lakini huyu anaamka."

Nikabonyeza, mbwa akainuka, akajikung'uta. Mpishi, bado maiti sakafuni, akasema, "Shem, mbwa abaki."

Likizo iliyofuata mume wangu alikuja, na siku zake zikaisha mapema kama kawaida. Tulimsindikiza stendi mimi na mama yake. Basi la Lindi likafika limejaa, kondakta akaupokea mfuko, mume wangu akamwinamia mama yake, akageukia kwangu, akasema lile ambalo watu husema wakati huo, tusikilizane kwenye simu. Nikaitika. Sikujua kama nimemshika mkono wa shati mpaka kondakta aliponiambia, kwa upole tu, "Mama, mwachie, gari inatoka."

Mume wangu akanitazama. Nikamtazama. Tukacheka sote wawili, tukacheka mpaka abiria wa dirishani wakatushangaa, na machozi yalikuwa yananitoka, na kondakta masikini hakuelewa amesema nini.

Nikafungua mkono.

Tulirudi kwa miguu, mama mkwe na mimi, tukipita nyuma ya vibanda vya mihogo ya kukaanga. Tulipokaribia nyumbani akanigeukia.

"Leo Alhamisi?" akauliza.

"Alhamisi, mama."

"Basi keshokutwa," akasema. "Mbwa umchaji mapema, umeme wa hapa unaujua mwenyewe."