Wimbo wa kijiji uliovuma redioni, na ukweli kuhusu lile kovu la kiwiko

Wakuu, shikamoo kwa wanaostahili. Wadogo zangu, mambo vipi.

Humu ndani nasoma sana nyuzi za watu wanaochambua nyimbo za zamani. Huyu anasema wimbo fulani ulikuwa fumbo la siasa, yule anasema mtunzi alitumwa na wakubwa. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu nina aibu tangu utoto, elimu yangu ni darasa la saba, na naandika kwa kidole kimoja.

Lakini jana mmoja wenu ameuchambua wimbo wangu.

Imebidi niseme. Chumvi nimeiacha jikoni.

Miaka ya sabini ikielekea mwishoni, nilikuwa kijana, napiga solo kwenye bendi ya kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Ruanda, Mbozi. Msifikirie bendi za mjini. Magitaa tulichonga wenyewe, nyuzi zilikuwa waya za breki za baiskeli. Spika hatukuwa nayo. Mchana tunalima shamba la kijiji, jioni mazoezi.

Kulikuwa na binti anaitwa Leya. Ana kovu kwenye kiwiko, alimwagikiwa uji wa moto akiwa mdogo. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Ndoo ya maji anaibeba kichwani bila kuishika.

Nikikutana naye njiani nilikuwa najifanya nakagua kahawa kama imeiva. Hata isipokuwa msimu wa kahawa.

Tatizo likaja. Dereva mmoja wa malori ya Tunduma alishamwona. Kila akipita analeta vitenge vya Zambia na sukari, na enzi zile nyumba yenye sukari ilitembelewa na ndugu ambao haikuwajua. Baba mdogo wa Leya, ndiye aliyekuwa akimlea pamoja na bibi yake, akamwambia dereva: mavuno yakiisha, njoo Jumapili uchukue jibu kama tunakuoza.

Nikaona kwa kuwa mdomo umegoma, acha gitaa liseme. Nikatunga wimbo. Kiitikio kilikuwa "Leya, nakupenda". Beti zote ni yeye: kovu, kiganja, ndoo, na namna anavyonipita bila kunitazama.

Sasa, wimbo wowote mpya ulikuwa lazima upite kwanza kwenye kamati ya kijiji. Nikasimama mbele yao.

Mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu Festo, huyu Leya ni wa nani?"

"Ni wa... kwao, ndugu Mwenyekiti."

"Yaani ni wa watu binafsi. Na gitaa ni la nani?"

"La kijiji."

"Haya. Gitaa la kijiji linamwimbiaje mtu binafsi? Tukiruhusu wewe uimbe wako, kesho kila mtu ataleta wake. Huo ni ubepari!"

Kamati ikapiga makofi. Wakaamua jina la Leya litoke, liingie "Kijiji". Beti hawakuzigusa, kwa sababu jua lilikuwa linazama na pombe ya ulezi ilikuwa inawasubiri.

Kwa hiyo tukawa tunaimba: Kijiji, nakupenda, kovu lako la kiwiko halinitishi. Kijiji, ukicheka unaziba mdomo.

Hakuna aliyeshtuka. Kwenye ngoma watu walisikia kiitikio tu, beti zilimezwa na vumbi na kelele. Leya mwenyewe alicheza kama wengine, na mimi nikatazama pembeni.

Halafu watu wa redio wakapita na gari lao la kurekodi. Wakaupenda. Tukasikia umechezwa Dar es Salaam, ukachezwa tena, ukawa hit ya nchi nzima. Mwenyekiti akaanza kutembea kwa mikono nyuma, kama mtunzi.

Ile Jumapili ya jibu ikafika. Tumetoka kanisani, tumejaa kwenye baraza la duka la ushirika, redio ya Mwenyekiti imewekwa juu ya gunia la chumvi. Dereva yupo, amenyoosha suruali. Baba mdogo yupo. Leya amekaa na bibi yake kwenye mkeka.

Wimbo ukapigwa. Kwa mara ya kwanza beti zikasikika moja moja.

Ulipoisha, mtangazaji akamkaribisha mtaalamu aeleze maana. Mtaalamu akasema kovu la kiwiko ni majeraha ya ukoloni. Kuziba mdomo ni kutunza siri za taifa. Ndoo isiyoshikwa ni kujitegemea. Na kupita bila kumtazama mtu ni kijiji kinachokimbilia maendeleo.

Mwenyekiti akatikisa kichwa taratibu. "Ndicho hasa tulichokusudia."

Bibi yake Leya akasimama. Mama wa watu alikuwa hana simile.

"Ukoloni gani wewe? Huo ni uji wa mtama, na niliupika mimi!"

Akamshika Leya mkono, akapandisha mkono wa shati kupita kiwiko. Kovu lile pale. Leya akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja.

Wakuu, baraza zima liligeuka kunitazama. Nilitafuta mti wa kahawa nikaukosa.

Leya akaniuliza, "Festo, kwa nini hukuniambia?"

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema, "Nimekwambia. Nchi nzima imesikia."

Dereva akaruka. "Wimbo si posa! Kwenu posa ni jembe linaloletwa na wazee. Huyu wazee wake wako wapi?"

Alisema kweli. Wazazi wangu walishafariki, na ukoo wangu ulibaki mbali tulipohamishiwa kijijini.

Bibi akamgeukia Mwenyekiti. "Wewe si umesema wimbo huu ni wa kijiji?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kijiji kimetangaza redioni kwamba kinampenda mjukuu wangu?"

Mwenyekiti akaigeukia kamati yake.

"Basi kijiji kije kuposa. Leo."

Angekataa, angekuwa amekana wimbo uliompa heshima mpaka mkoani. Kamati nzima ikajipanga kwenda nyumbani kwa bibi. Dukani majembe mapya yalikuwa yameisha, wakachukua moja la shamba la kijiji, lina udongo wa juzi. Bibi akamwuliza Leya, "Nilipokee?" Leya akalishika mwenyewe, akaliingiza ndani.

Dereva alibeba sukari yake akaondoka. Jumatatu asubuhi Mwenyekiti alikuja kuliomba lile jembe, zamu ya kulima shamba la kijiji ilikuwa imefika. Bibi alikataa.

Mpaka leo liko nyuma ya mlango wetu.

Somo nililopata: kabla hujatafuta siasa kwenye wimbo wa zamani, uliza kwanza kama mtunzi alikuwa anaogopa kumsalimia mtu.

Kwa yule mchambuzi wa jana: nimemsomea Leya maelezo yako yote kuhusu ukoloni. Amecheka, mkono uko mdomoni, amesema nisikusahihishe, umeandika vizuri.

Nanyi, kuna wimbo gani mnaoujua undani wake? Andikeni. Nitajibu wote, ila taratibu.