Mwalimu Aliyechimba Volkano ya Kiberege

Mwalimu mstaafu wa jiografia, yule mliyekuwa mkimwona Ifakara na baiskeli isiyo na breki, amefariki. Tumemzika Jumamosi, na pale makaburini nimesikia maneno matamu mpaka nikaona kinyaa. Mmoja, mwenye digrii na tai, alisema marehemu alikuwa taa ya bonde zima. Taa! Alipokuwa hai si mlimwita chizi wa mawe?

Wasomaji wangu mnanijua. Niliishia darasa la nne, nikabeba magunia ya watu, leo nina mashine tatu za kukoboa mpunga na hakuna aliyenishika mkono. Vyeti havinitishi. Lakini mwalimu yule nilimheshimu, na sababu yake ni moshi uliotokea kijijini kwetu Kiberege. Mpunga ulikuwa umeiva, ndege wanaumezea mate. Ghafla ardhi kando ya mashamba ikaanza kufuka, moto hauonekani. Mtu akapiga kelele, "Volkano!" Basi, wanaume wazima wakafunga magodoro kwenye pikipiki wakakimbilia Ifakara, mashamba wakawaachia ndege. Huyo wa digrii alitangulia. Jirani yangu, mjane anayelisha wajukuu kwa ekari mbili tu, alikuwa ameshajitwisha masufuria mwalimu alipofika.

"Shikamoo mama. Unakwenda wapi na mpunga uko shambani?"

"Marahaba. Ulitaka nikae nichemshwe, baba?"

Mwalimu akaomba jembe, akachimba palepale penye moshi. Zikatoka pumba nyeusi, zinaungua kimya kimya. Kumbe pale palikuwa na shimo la zamani tulilolifukia wenyewe kwa pumba za mashineni, kama tufanyavyo huku kote, kisha mtu akachoma mabua karibu. Moto wa pumba hutambaa chini kwa chini siku nyingi.

"Kumbe volkano yenyewe ndiyo hii?" mjane akauliza, masufuria bado kichwani.

"Hii ni takataka yenu," akasema mwalimu. Akachukua kiroba kitupu cha mbolea, akakiburuta polepole juu ya kaa moja la moto. Kikatoboka hapa, kikatoboka pale, matundu yamepanga mstari. "Volkano nyingine huzaliwa hivi. Moto uko palepale chini, bamba la dunia, huu mwamba tunaoukanyaga, linasogea juu yake kama kiroba hiki. Mlima wa zamani unapoa, mpya unaota." Kisha akaingiza kiganja kimoja chini ya kingine. "Nyingine ni hivi. Bamba la chini ya bahari linazama chini ya jingine, linashuka na maji. Maji yakibanwa yakatoka, yanapanda kwenye mwamba wa moto ulio juu, nao unayeyuka."

"Maji yayeyushe jiwe? Mwalimu, umekunywa nini leo?" nikamtania.

"Ukiwa mkavu, mwamba ule unalivumilia lile joto. Ukipata maji, unashindwa. Na mvuke ukibanwa humo, mlima unalipuka. Hapa Kiberege hakuna bamba la bahari linalozama, na moshi wenu haujatoka mbali zaidi ya jembe hili. Mama, kavune."

Mjane akatua masufuria, akavuna. Waliokimbia waliporudi walikuta mabua matupu. Badala ya kuona aibu, wakanong'ona kwamba mjane ana dawa yake, na mwalimu ni chizi vilevile.

Kutojua kunasameheka, hata mimi sikujua. Ila kumcheka miaka yote mtu anayejua, kisha ukashika kipaza sauti kumsifu akiwa ndani ya jeneza, huo ni ujinga usio na dawa. Mwenye swali akamuulize anayejua angali hai.