Siku Mgombea Alipoitikia Amin

Nimekaa na aibu hii muda wa kutosha kujua kwamba haipungui kwa kufichwa, na kwa kuwa masimulizi yanayozunguka Chake Chake yamekwisha kunifanya, kwa zamu, jasusi wa chama pinzani, kijana aliyepandwa na shetani jukwaani na msomi aliyevurugwa na vitabu, naona ni heri niwasimulie mwenyewe, kwa mpangilio, ili mkinicheka mnicheke kwa jambo nililolifanya kweli.

Mimi ni mzaliwa wa Wawi, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na utafiti wangu (nikiulizwa nyumbani huwa naueleza kwa sentensi moja, kisha nachukua sentensi kumi kuisahihisha ile moja) unahusu namna vyama vya siasa vinavyowabembeleza wapiga kura wa jamii ndogo wakati wa uchaguzi mkuu. Nilichagua kitongoji kimoja ndanindani ya Mtambile, penye familia ambazo mababu zao walitoka bara kuja kuchuma karafuu, wakaoa huku, wakazikwa huku, na wajukuu wao leo ni Wapemba kwa kila kitu: kwa lafudhi, kwa msikiti, kwa kulalamikia bei ya pweza. Hata hivyo majirani bado wanakiita kitongoji chao "kwa Wabara", na vyama, kila unapokaribia uchaguzi, vinawagundua upya kana kwamba ndiyo kwanza wameteremka melini.

Watu hawa wana haja moja tu, na wote wanaieleza kwa maneno yaleyale: bomba la maji limeishia skuli. Baada ya skuli ni mteremko, baada ya mteremko ni kilima, na kilima hicho wanawake wanakipanda na ndoo kichwani. Mwenyeji wangu, Bi Mwanaidi, mama wa makamo ambaye neno lake kule halirudiwi mara mbili, alinieleza mapema kwamba safari hii kura zao haziendi kwa ngoma wala kwa kanga, na kwamba mgombea ubunge atakayekuja Jumamosi ile hatotoka pale mpaka alitamke bomba kwa kipaza sauti, kila mtu akisikia.

Sasa, mikutano ya kwetu haianzi bila dua, na pale kwao msomaji dua ni Mzee Songoro, kaka yake Bi Mwanaidi. Asubuhi ya siku hiyo Mzee Songoro aliamka jino limemvimbisha shavu kiasi kwamba hata salamu aliitoa kwa kope. Bi Mwanaidi akanitazama mimi, nikiwa nimekaa pembeni na kanzu yangu safi (niliivaa kwa sababu za kitaaluma: nilikwisha kuchunguza rangi zote za vyama nikaona nyeupe ndiyo isiyo na mwenyewe), akaniuliza kama dua naijua.

Hapa ndipo penye uamuzi mdogo ulioniangamiza. Nilifikiri: nikikataa, nitaonekana nakisusia chama hiki, na msimamizi wangu wa utafiti amenisisitizia nisiegemee upande, nikikubali, nitaonekana nakiunga mkono, lakini dua ni ibada, na ibada si kampeni, kwa hiyo kukubali ni kutoegemea zaidi kuliko kukataa. Hoja hiyo bado naiona haina kasoro. Nikasema nitasoma.

"Soma, mwanangu," akasema Bi Mwanaidi, "lakini bomba usilisahau."

Laiti ningesoma dua ya Kiarabu niliyohifadhi chuo cha Kurani tangu utotoni, yakaisha. Lakini niliwaza kwamba mwishoni lazima mgeni aombewe kwa Kiswahili, na kumwombea mgombea ushindi ni kuegemea, na kutomwombea ni ufidhuli, basi nikajitungia maombi yangu kichwani, yenye vizingiti na masharti kama ya sura ya tatu ya tasnifu, nikaridhika nayo sana.

Mgombea akaja na gari nne na kikundi cha ngoma alichokikodi kutoka bara, kwa heshima, tukaambiwa, ya asili ya wenyeji. Wenyeji wakakitazama kikundi kile kwa udadisi uleule ambao Wapemba wa kisiwa cha Makoongwe wangekitazama. Kisha mheshimiwa akashika kipaza sauti akawasalimia kwa lugha ya huko bara, salamu ndefu, aliyoikariri kwa bidii na pengine kwa kukosa usingizi. Watu wakaangaliana. Hakuna aliyejua hata neno. Mzee Songoro, kwa adabu yake, akalisogeza shavu akamjibu, "Waalaykumu salamu." Nyuma ya turubai mwanamke mmoja akauliza mgeni anatokea nchi gani, mwenzake akamwambia nyamaza, ndiye huyo anayetuambia sisi wageni.

Nikaitwa. Nikapewa kipaza sauti. Mikono ikainuliwa, ya wanaume mkekani, ya wanawake upande wa pili, ya mgombea aliyesimama kando yangu na kipaza sauti chake cha pili, kile kidogo cha kubana shatini, akakisahau wazi kifuani.

Nilianza vizuri, hilo hata maadui zangu wanakiri. Nikamhimidi Mola, nikamsalia Mtume, nikaomba afya kwa wagonjwa na rehema kwa waliotangulia, na kila nikituwa watu wakaitikia Amin, kwa pamoja, kama makasia. Nikaliomba bomba: "Ya Allah, yafikishe maji ya bomba katika kitongoji hiki." Amin ya hapo iliinua kunguru mtini.

Tatizo la mwitikio wa namna hiyo ni kwamba ukishashika mwendo haungojei maana, unangojea pumzi. Msomaji akituwa, watu wanaitikia. Nami ni mtu wa kutuwa. Nikizungumza jambo lolote husimama katikati ya sentensi kuikagua, na mkaguzi wangu wa ndani hana haraka.

Nikasema, "Ya Allah, usitupe viongozi," na nilikusudia kuendelea "wanaotukumbuka siku za kura tu," lakini nikamwona mheshimiwa kwa pembe ya jicho, nikahofia atadhani ndiye, nikatuwa nitafute neno laini zaidi.

Amin, wakasema watu wote.

Basi tukawa tumeomba tusipewe viongozi. Nikaona lazima nimwombee mgeni haraka kusawazisha mambo, na sentensi yangu ya akiba ilikuwa hii: umwepushe na ushindi usio wa haki. (Itazameni. Haimpi ushindi, haimnyimi, inasimama na haki peke yake. Niliipenda mno.) Nikavuta pumzi nikasema, "Ya Allah, na mgeni wetu huyu, tunakuomba umwepushe na ushindi," na papo hapo mkaguzi akaniuliza ndani ya kichwa: je, ukitaja ushindi usio wa haki hukumtuhumu mtu wizi wa kura hadharani? Nikatuwa.

Amin, wakasema watu, na miongoni mwao, kwa sauti nzito kupita zote, macho yamefumbwa, kwa kile kipaza sauti kilichosahauliwa kifuani, mgombea mwenyewe.

Mheshimiwa akafumbua jicho moja. Msaidizi wake, mtu mrefu wa miwani myeusi, akawa anahesabu kitu kwa midomo, nadhani maneno yangu. Nami, badala ya kusoma Fatiha nikimbie, nikataka kusahihisha, kwa kuwa kosa lililokwisha kutamkwa haliachwi hivi hivi, nikasema upesi, safari hii bila kutuwa hata kidogo: "Ya Allah, yote tuliyokuomba hapa tunakuomba usiyapokee."

Amin.

"Na bomba?" ikauliza sauti ya Bi Mwanaidi kutoka upande wa wanawake. "Bomba si limo humo humo, mwanangu?"

Hapo turubai zima likacheka. Mzee Songoro alilishika shavu kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, sijui ya jino au yangu. Lakini msaidizi hakucheka. Aliniuliza, karibu na sikio, nani kanituma, na nilipoanza kumweleza maana ya kutoegemea upande katika utafiti, akageuka akawaamuru madereva wawashe gari. Ngoma ikaanza kufungwa. Nami nikaona waziwazi nilichokifanya: mgombea anaondoka na bomba halijatamkwa, na kilima kile kitapandwa miaka mitano mingine kwa ajili ya sentensi yangu nzuri.

Bi Mwanaidi akaja mbele. Hakukimbia. Mikono alikuwa bado ameiinua.

"Mheshimiwa," akasema, "dua haijafungwa. Mtu haondoki akaiacha dua wazi."

Na kweli, hakuna Muislamu wa Pemba atakayetoka katikati ya dua mbele ya umma akatarajia kura, wala hata chai. Mheshimiwa akarudi, akainua mikono. Bi Mwanaidi akanichukulia kipaza sauti kama mtu anavyomchukulia mtoto kisu.

"Ya Allah," akasema, "sisi ni waja wako wa hapa hapa, hatuna kwengine. Bomba limeishia skuli. Lifikishe kwetu."

Amin.

"Atakayelifikisha, mfanyie wepesi wa kila jambo lake."

Amin, na ya mheshimiwa ilikuwa na uchangamfu.

"Na atakayetuahidi kisha akatusahau, muonjeshe kiu yetu."

Amin, wakasema wote, naye mheshimiwa pia, kwa mwendo uleule, na kipaza sauti chake kikaipeleka Amin hiyo mpaka barabarani. Alipotambua alichokiitikia akawa hana pa kurudi. Aliangalia mikono yake iliyo juu, akaangalia wazee, kisha (nampa haki yake) akacheka, akasema basi, bomba hili sasa ni baina yangu na Mwenyezi Mungu, na akalitaja mara tatu, kwa Kiswahili, lugha ambayo wote waliifahamu. Fatiha ikasomwa. Mimi niliisoma kimoyomoyo.

Mkasa ungeishia hapo kama chama cha pili kisingekuja alasiri. Habari zilikwisha kuwafikia, nao wakanikumbatia mmoja mmoja kama kijana wao shujaa, mmoja akataka tupigwe picha, nami nikatumia saa nzima kuwaeleza kwamba sikuwaunga mkono, maelezo ambayo kadiri yalivyorefuka ndivyo walivyonikonyeza zaidi. Mgombea wao, kabla hajainua mikono, aliuliza kwanza dua anasoma nani. Aliposikia ni Bi Mwanaidi akashusha pumzi. Dakika chache baadaye na yeye alikuwa amekwisha kuitikia ile ya kiu.

Nani alishinda sitosema, maana bado naandika tasnifu. Lakini juzi Bi Mwanaidi alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia majembe na watu wakibishana juu ya upana wa mtaro. Akaniambia wameshavuka mteremko, wako kwenye kilima. Nikamwambia alhamdulillahi, Bi Mwanaidi, nawaombea limalizike salama.

Akawanyamazisha waliokuwa wakibishana, akanirudia mimi.

"Weye usituombee, mwanangu," akasema. "Ngoja kwanza maji yatoke."

Nami nimemtii. Kipaza sauti sikishiki tena, na anapoomba mwengine huinua mikono nikakaa kimya, nikaitikia Amin yangu peke yangu, baada ya watu wote. Msikitini Wawi wananisifu kwamba masomo yamenizidishia unyenyekevu. Sijawaambia kwamba nangojea tu sentensi iishe.