Nimemwoa Binti Yako

Mwanamume wa kwanza kunitumia ujumbe wa mapenzi kwa Kiingereza alikuwa wakala wa kutoa mizigo pale mpakani Malaba. Mimi hufundisha Kiingereza Busia, kwa hivyo alijikakamua: "I loved you since the day I saw you."

Nikamjibu, "Uliacha lini?"

Akapiga simu papo hapo. "Niliacha nini, Mwalimu?"

"Kunipenda. Umesema ulinipenda, basi ikaisha. Kama mapenzi bado yapo, ni have loved. Fikiria Kiswahili: nilikaa mtaa wa Burumba, nikahama. Nimekaa Burumba miaka miwili, bado niko."

"Kumbe have ni ya kitu kilicho hai!"

Somo hilo alilishika kwa mikono miwili. Kuanzia hapo have ilimwagwa kila mahali kama chumvi. Jioni alikuwa akiniambia kwa simu, "I have gone home," yaani ameshaenda nyumbani, na huku namsikia akigonga mihuri ofisini. Sikumrekebisha. Nilikuwa nafurahia mno.

Kisha akaja kujitambulisha kwa wazazi wangu, kijijini Amukura. Baba ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, naye alimuuliza kwa Kiingereza kilichonyooka ni nini kimemleta. Mgeni akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Sir, I have married your daughter."

Jikoni, mama akaangusha mwiko. Baba akavua miwani.

"Umemwoa? Lini?"

"Hata sasa, mzee."

"Wapi?"

"Hapa," akasema, akijigusa kifua.

Baba akanigeukia. "Mmeoana bila sisi kujua?"

Nilimwelewa mgeni wangu vizuri: nia yake ilikuwa hai, basi akaivisha have. Neno langu moja lingemwokoa. Nikageuka kutazama kuku uani, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Mwalimu," akaninong'oneza, jasho likimtoka, "nimekosea wapi?"

Nikamhurumia. "Sema will."

"I will marry your daughter!"

Baba akarudisha miwani polepole. "Huo sasa ni wakati ujao. Huo tutaujadili. Keti."

Mama akaleta ugali wa wimbi na kuku. Baba akaichukua firigisi, ambayo kwetu huliwa na mwenye nyumba peke yake, akaikata katikati, akamsukumia mgeni nusu bila kumtazama usoni. Mgeni akaitafuna taratibu, akameza, kisha akashukuru kwa Kiswahili.