Jina la Aloyce Kwenye Lebo

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu. Mlima haukuonekana kabisa na Moshi nzima ilikuwa kimya ndani ya ukungu. Tulikuwa tumetoka kumzika mwenzetu Aloyce kwao Marangu, katikati ya migomba. Muuguzi wa wodi ya watoto akaingia ofisini na lebo ya dawa mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, marehemu bado anafanya kazi humu?"

Chini ya lebo palikuwa na jina la Aloyce. Yeye ndiye aliyeandika programu ya hospitali iliyopiga hesabu ya dawa kwa uzito wa mtoto. Jina lake na vipimo vilikaa kwenye faili la kichwa, lile linaloitwa na kusomwa kabla ya mengine, naye aliliita Kipimo. Madaktari walipopunguza vipimo, mimi niliyekuwa nikiandika naye programu niliandika Kipimo jipya, nikaweka jina langu. Sasa mtoto mwenye homa alikuwa anasubiri, na muuguzi alikuwa amegoma kumpa dawa ya marehemu.

Nikafungua faili langu. Jina langu lilikuwamo. Nikafuta kila kitu, likabaki tupu, nikijua kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa kazi ya mashine, sasa italalamika. Haikulalamika. Lebo ikatoka tena, kipimo cha zamani, jina la Aloyce. Sweta lake lilikuwa bado kwenye kiti. Niliogopa, mwanangu, nikaanza Salamu Maria.

Mzee Kimaro, mkuu wetu, alinisikia.

"Sala ni njema," akasema, "lakini umeita Kipimo, hukuuliza nani ameitika. Kwetu ukisimama mgombani ukaita jina la babu, anaweza kuitika mjukuu aliye karibu."

Akanionyesha. Kompaila haipekui mashine nzima ikachagua lililo bora. Inapita folda kwa mpangilio iliopewa. Ikikuta fremuweki, yaani folda kubwa iliyofungasha mafaili ya kazi moja, inaingia hadi kwenye folda ya vichwa, inachukua faili lenye jina lile, na haiendi mbele tena. Aloyce alikuwa ameacha fremuweki yake kwenye folda iliyotangulia. Langu lilikuwa nyuma, halijawahi kusomwa.

Tukaiondoa kwenye mpangilio njia ile ya kwenda folda ya Aloyce, nikarudisha maandishi yangu, lebo ikatoka na jina langu. Muuguzi aliisoma kwa makini ndipo akaenda kwa mtoto.

Kwa hiyo mwanangu, jina likipatikana usitulie. Uliza limetoka folda ipi, na zipi zinatangulia. Na kazi yako itie jina. Aloyce angeficha lake, mtoto yule angepewa kipimo cha zamani, nasi tungekuwa tunasifia faili langu jipya. Mimi langu nimeliandika kila mahali. Siku nitakapokuwa nimelala migombani, nawe ukaniona nimetokea mahali usiponitarajia, usikimbie. Fuata njia niliyopitia, uniondoe taratibu.

Mungu akutangulie, na kila utakapoita, aitike yule uliyemtaka.