Mnuno wa Fundi Abilahi

Kununa kuna watu na watu. Wapo wanaonuna nusu siku, wakisikia harufu ya samaki wa kukaanga wanasahau. Fundi Abilahi wa kisiwa cha Songo Songo hakuwa wa kundi hilo. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao alimnunia mkewe, Mwanahija, Ramadhani karibu yote, kisa uji wa futari ulizidi pilipili manga. Anaingia, anafuturu kwa tende na maji, anatoka. Bi harusi wa watu alilia mpaka akachoka, kisha akajifunza kwamba mnuno wa mume huyu unakuja wenyewe na unaondoka wenyewe, na ukiuchokonoa ndiyo unanawiri.

Kwa hiyo safari hii, utu uzima ukiwa umeshawaingia wote wawili, hakushtuka sana. Tena kosa lake alilijua. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku chache kwenda Mingoyo, kule bara, kwenye arusi ya binti wa dada yake, akakaa mpaka majirani wa huko wakaanza kumwuliza kama amehamia. Ngoma zilikuwa tamu, dada alikuwa mtamu zaidi, na tangu watoto waolewe na kutawanyika Mwanahija hakuwa amecheka vile. Simu kwa mumewe alipiga mara moja, mtandao ukakata, naye akajitia hamnazo. Siku aliyorudi kisiwani, na maneno tele ya kusimulia, alimkuta mumewe amekaa barazani.

"Shikamoo, Baba Umi."

"Marahaba."

Ikawa ndiyo hiyo. Hakuna pole na safari, hakuna dada hajambo. Jioni alipoandaa ugali na pweza wa nazi, Abilahi alichukua sahani yake, akaingia nayo chumbani na kurudishia mlango. Tangu waoane walikuwa wakila sinia moja. Mwanahija akala peke yake jikoni, akajiambia, haya, tumeanza.

Wiki zikapita, zikawa miezi. Mume hasemi. Akitaka maji anayafuata mwenyewe mtungini. Akitaka shuka anafungua kabati, anachakura, anafunga. Karakana yake ya mashine za boti, pale karibu na bandari, akaifunga, na vijana wakasema mzee kachoka, mwacheni apumzike. Nyumbani alikaa barazani na tasbihi yake, akiona mke anapita anatazama pembeni.

Kilichomuuma Mwanahija si kimya chenyewe. Kilichomuuma ni kwamba kwa watu wengine ulimi wa Abilahi ulikuwepo. Mtoto akipita na kumpa shikamoo, anaitikiwa vizuri. Mtu mzima akimwuliza habari za asubuhi, anajibiwa njema, nyumbani kwema, alhamdulillahi. Na baada ya sala ya alfajiri alisoma Yasini kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukwama hata herufi. Mwanahija alisimama upande wa pili wa pazia akisikiliza, na hasira ilimpanda mpaka masikioni. Mtu anayeweza kusoma sura nzima anashindwaje kumwambia mkewe nipe maji?

Siku moja alipiga moyo konde akamwita Bakari, mdogo wake Abilahi, mwenye boti ya kubebea abiria. Kutoa mambo ya ndani nje ni aibu, lakini Bakari si mtu wa nje. Alimweleza yote, akamwomba akazungumze na kaka yake. Bakari akaenda barazani, wakasalimiana salamu ndefu za mwambao, ile ya nyumbani na ile ya kazini na ile ya wagonjwa na ile ya bahari. Adhana ikaadhiniwa, wakaenda kusali pamoja. Bakari aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Shemeji, kaka mzima wa afya. Nimemwuliza kuna nini, akatikisa kichwa, hataki maneno. Kaka unamjua. Mvumilie."

"Nimvumilie mpaka lini, Bakari? Kama hanitaki si aniambie tu nirudi kwetu?"

"Hajasema hakutaki."

"Hajasema lolote!"

Kuanzia hapo hofu ya talaka ikahamia kifuani mwake. Kila alipomwona shemeji anakuja, alidhani leo ametumwa. Wala hakutaka mengi. Alitaka neno moja kutoka kwa mumewe, liwe zuri au baya, ajue kama bado ni mke wa mtu. Alipolikosa, naye akanuna. Aliacha hata ile shikamoo ya asubuhi. Maji yakipwa alikwenda mwambani kuchokoa pweza na wanawake wenzake, anacheka nao, anataniana nao, halafu anarudi kwenye nyumba isiyo na sauti. Jikoni alikuwa ameanza kuzungumza na kuku. Kidawa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimsikia akimwuliza tetea mmoja kama amelala vizuri, akadhani kuna mgeni.

Mara moja, mara moja tu, Abilahi alimfuata jikoni. Mwanahija alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mume akasimama mlangoni, mdomo wazi, akajipiga paji la uso kwa kiganja, akajipiga tena, machozi yakimlengalenga, kisha akanyoosha mkono wa kushoto kama anayetaka kumshika bega. Mwanahija aliyaona yale akayatafsiri alivyojua yeye, kwamba huyu anajuta kunioa. Akampa kisogo, akaendelea kukuna. Aligeuka baadaye kidogo, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Kipindi cha upepo wa kusi kilikuwa kinaisha siku Abilahi alipoanguka uani. Mwanahija alisikia ndoo ikibwagwa na hakuinua kichwa, maana siku hizo kubwaga vitu ilikuwa sehemu ya mnuno. Ni Kidawa aliyechungulia juu ya ukuta akapiga ukelele. Fundi alikuwa chini, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia vimelala kama si vyake.

Watu walijaa. Mmoja akasema upepo mbaya, aitwe mtu wa kuumika, amtoe damu kwa chuku. Kidawa akaja mbio na asprini, kwa kuwa mjomba wake wa Kilwa Masoko alipooza hivyo hivyo, akapewa asprini hospitali, na leo anapanda bodaboda. Alishammenyea kidonge tayari. Martina, muuguzi wa zahanati, akamshika mkono.

"Usimpe, dada. Kwanza hawezi kumeza, atapaliwa. Pili, kiharusi kinakuja kwa njia mbili. Mshipa wa kichwani huziba, au hupasuka damu ikavuja. Asprini inamfaa aliyeziba. Aliyepasuka inamwongezea kuvuja, unaweza ukamuua kwa mkono wako."

"Sasa tutajuaje kapata upi?"

"Kwa macho hatujui, hata mimi sijui. Mpaka apigwe picha ya ndani ya kichwa, kwa ile mashine ya sitiskani. Hapa hatuna. Bakari, washa boti."

Wakavuka, wakapata gari la wagonjwa upande wa bara, wakaelekea kusini. Njia ni ndefu. Mwanahija alikaa ubavuni mwa machela, amemshika mumewe mkono kwa mara ya kwanza tangu safari yake ya arusi, na mkono ule haukumshika. Walipopita njia panda ya Mingoyo, pale alipocheza ngoma mpaka kanga ikamdondoka, aliinamisha kichwa asipaone.

Kwenye hospitali kubwa Abilahi aliingizwa katika chumba chenye mashine nyeupe, duara, yenye tundu katikati. Wakamlaza kitandani, kitanda kikaingia na kichwa chake tunduni, mashine ikanguruma. Mwanahija alibaki nje ya mlango mzito na Bakari. Alijaribu kusoma Ayatul Kursi, ikampotea katikati.

Daktari aliyewaita alikuwa kijana, anaitwa Valentini, mpole, na alikuwa na desturi ya kuvuta kiti kwanza kabla ya kusema. Akawaonesha kwenye skrini kichwa cha Abilahi kimekatwakatwa vipande vyembamba, kama kitunguu kilichokatwa.

"Shikamoo, mama. Nitaeleza taratibu. Huu mduara mweupe ni fuvu, mfupa. Damu ikivuja kwenye ubongo nayo huonekana nyeupe. Hapa ndani hakuna weupe, kwa hiyo mshipa haukupasuka, umeziba. Ile dawa kali ya kuyeyusha donge hutolewa saa za mwanzo tu, na nyinyi mmetoka mbali, muda wake umepita. Lakini sasa tunaweza kumpa asprini bila hofu, tutashusha presha yake pole pole, na akipata nguvu mtaalamu wa mazoezi ataanza naye. Kwa maisha yake nina matumaini."

Bakari akasema alhamdulillahi kwa sauti. Mwanahija akapumua.

"Kuna jambo nataka kuuliza," daktari akaendelea. "Mzee aliwahi kupooza kabla ya hapa?"

"Hapana," alisema Bakari.

"Hakuwahi kupoteza nguvu za mkono? Hakuwahi kushindwa kuzungumza?"

Mwanahija akamtazama. Daktari akaweka kidole kwenye skrini, juu ya doa jeusi upande mmoja wa kile kichwa.

"Kidonda kipya hakijakolea bado, ni hiki cha kijivu, mtu asiyezoea hakioni. Hiki cheusi si cha juzi. Hiki ni kovu, lina miezi mingi. Na liko upande wa kushoto, pale mtu anapoungia maneno. Mtu akipigwa hapa anasikia, anaelewa kila kitu, anajua anachotaka kusema. Kukitoa ndiyo hawezi."

"Lakini alikuwa anasalimu watu!" Bakari alisema. "Nimesali naye mimi mwenyewe. Anasoma Kurani yote!"

"Ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Salamu, dua, sura alizohifadhi utotoni, hayo yamekaa kwa mazoea, mara nyingi yanasalimika. Yanayopotea ni yale ambayo mtu anatakiwa kuyatunga mwenyewe. Naomba maji. Naumwa. Umechelewa, nilikuwa na wasiwasi." Akamgeukia Mwanahija. "Na mkono wa kulia unakuwa dhaifu. Alikuwa anakulaje, mama?"

Mwanahija aliiona sahani ikiingia chumbani na mlango ukirudishiwa. Muislamu wa umri ule, mwalimu wa adabu kwa watoto wake mwenyewe, amebaki kula kwa mkono wa kushoto, atakaa vipi sinia moja na mkewe? Alijificha. Mwenzake akahesabu kwamba amesuswa.

"Daktari," alisema Mwanahija, "hiyo picha inaweza kuonesha alikuwa anataka kuniambia nini?"

Valentini alimtazama, na mtu angeona kwamba kijana yule angependa sana kuwa na jibu.

"Hapana, mama. Hilo picha haioneshi."

Siku zilizofuata Abilahi alifumbua macho, akaanza kumeza uji mzito kijiko kwa kijiko. Bakari alirudi kisiwani kwenye boti yake. Mwanahija akabaki peke yake wodini, mgeni katika mji asimomjua mtu, analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa. Wagonjwa wa jirani walizungukwa na ndugu wenye vikapu na makelele. Yeye alikuwa na mume mmoja tu, naye hasemi.

Alipata muda mwingi wa kufikiri, na kufikiri kulimtesa. Aliikumbuka miezi ile alivyoona hakuna duniani mtu mpweke kama yeye. Kumbe yeye alikuwa na wa kumlaumu. Alikuwa na Bakari wa kumlalamikia, na wanawake wa mwambani wa kucheka nao, na hata kuku. Mwenzake alikuwa upande wa pili wa pazia, ameamka siku moja hana maneno, hajui amepatwa na nini, na hana wa kumwambia. Alikwenda mpaka jikoni akajipiga paji la uso, akimwonesha mahali penyewe, akapewa kisogo.

Asubuhi moja, alipomaliza kumfuta uso, Mwanahija alivuta kiti, kama afanyavyo daktari, akakaa karibu kabisa na kichwa cha mumewe. Akamsimulia arusi ya Mingoyo, yote, ngoma na pilau na dada yake alivyolia, na jinsi alivyopitisha siku akijua kabisa amezipitisha. Abilahi alimtazama bila kupepesa. Aliyafuata maneno, hilo lilionekana machoni.

"Baba Umi, daktari kasema unanisikia. Nakuuliza jambo moja, nijibu kwa kichwa tu. Siku ile niliporudi, na siku zote zile baadaye, ulikuwa umeninunia?"

Abilahi alifumba macho, akayafumbua. Kichwa kikasogea kwenye mto, kwa tabu, kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Hapana. Hakununa hata siku moja.

Hilo ndilo neno alilolitamani miezi yote. Mumewe hakumchoka wala hakumwacha, alikuwa mke wa mtu muda wote ule. Lakini Mwanahija aliinamia ukingo wa kitanda akalia kwa sauti, mpaka muuguzi akaja kumwuliza kama mzee amezidiwa. Angetoa chochote mumewe aitikie ndiyo, alinuna. Hapo kosa lingekuwa la wawili.